Pat Pattle, rubani wa Afrika Kusini aliyefia Ugiriki 1941: kwa nini hesabu yake haieleweki?

Kipanga77

Habari zenu wakuu. Mimi ni mfuatiliaji wa vita ya pili ya dunia hasa upande wa anga, na kipindi ninachokipenda zaidi ni kile cha mwanzo kabisa, 1939 mpaka 1941, kabla Marekani haijaingia, wakati Waingereza wanapigana na ndege za kuungaunga na marubani wachache. Sasa kuna huyu jamaa Marmaduke Thomas St John Pattle, wenzake walimwita Pat tu, kazaliwa Butterworth Afrika Kusini mwaka 1914, kafa vitani Ugiriki tarehe 20 Aprili 1941 akiwa na miaka 26. Kinachonichanganya ni kwamba sehemu moja unakuta kaangusha ndege 40, nyingine 50 na ushee, alafu ukiuliza rubani aliyeongoza kwa Waingereza unaambiwa Johnnie Johnson mwenye 34. Sasa 34 inaizidije 50?

Alafu jambo la pili, huyu ni Msauzi, ilikuaje akapigania jeshi la anga la Uingereza na sio la kwao? Na la tatu, Msauzi mwenzake, rubani Sailor Malan, anajulikana mpaka leo, Pattle hata ukimtaja kwa watu wanaojua historia wengi wanakuuliza ndo nani. Mwenye kumjua vizuri huyu mtu atiririke tafadhali, hasa safari yake ya kijeshi tangu mwanzo.

MzeeWaMafaili

Mkuu Kipanga umegusa mtu wangu, huyu nimemsoma miaka mingi, ngoja nianze na hilo la Usauzi.

Pattle hakukimbia jeshi la kwao, jeshi la kwao ndo lilimkataa. Aliomba kujiunga na jeshi la anga la Afrika Kusini akiwa na miaka 18, hawakumchukua. Akaenda kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu, mgodi wa Sheba kule Barberton, baadae akaingia kwenye kile kikosi maalum walichokianzisha Afrika Kusini kwa ajili ya kuwapa vijana kazi na nidhamu ya kijeshi, lakini kichwani ni ndege tu. Uingereza miaka hiyo ilikuwa inapanua jeshi lake la anga haraka haraka kwa sababu Hitler alishaanza kuonyesha makucha, ikawa inachukua vijana kutoka makoloni na dominioni zote kwa mikataba mifupi ya uafisa. Pattle akapanda meli 1936 akaenda, wakampokea, na kwenye mafunzo akamaliza na alama za juu kabisa. Yaani kijana aliyekataliwa kwao miaka minne tu nyuma.

1937 akapangiwa kikosi namba 80, wakaanza na Gauntlet alafu wakapewa Gloster Gladiator, zile ndege zenye bawa la juu na bawa la chini zimefungwa na nyaya katikati. 1938 kikosi kikahamishiwa Ismailia, Misri, kulinda mfereji wa Suez. Hapo watu huwa wanapita haraka lakini kwangu mimi hapo ndo Pattle alitengenezwa. Mpaka anaingia vitani mwenyewe 1940, alikuwa na miaka miwili mizima ya kuruka kwenye anga la jangwani, kufanya mazoezi ya shabaha, kujifunza kukadiria umbali, na vita ilipoanza Septemba 1939 alishakuwa kiongozi wa kundi ndani ya kikosi. Wenzake walioko Ufaransa na Uingereza wengi waliingia vitani wakiwa hata bunduki za ndege zao hawajazipiga vya kutosha.

Italia ikatangaza vita tarehe 10 Juni 1940, kundi lake likasogezwa Sidi Barrani karibu na mpaka wa Libya. Tarehe 4 Agosti wanatumwa Gladiator 4 kuisindikiza ndege ya upelelezi Lysander ndani ya Libya, wakaangukia katikati ya Waitaliano, kuna Breda Ba.65 za kushambulia ardhini na juu yake kuna Fiat CR.42 zinawalinda. Pattle katika hali hiyo baadhi ya bunduki zake zikagoma kupiga, bado akadai Breda moja na CR.42 moja, lakini wakamzunguka, ndege ikapigwa ikawa haiongozeki tena, akaruka na parachuti akiwa chini sana. Katua upande wa adui. Akatembea usiku kucha jangwani, kesho yake kwenye saa sita mchana akavuka mpaka kuingia Misri na baadae askari wa magari ya deraya wa kikosi cha Waingereza kinachoitwa 11th Hussars wakamuokota wakamrudisha kambini. Siku 4 tu baadae, tarehe 8 Agosti, kikosi kizima kikaenda kulipa kisasi kwa kupanga, wakawakuta CR.42 eneo la El Gobi na kuwapiga vibaya, na Pattle alikuwemo.

Niangalieni hilo la siku 4. Mtu ametoka kuangushwa, katembea jangwani usiku kucha, na harakaharaka yuko juu tena anawatafuta walewale.

Ugiriki nitaandika baadae, ina mambo mengi.

Injinia_wa_Anga

Naongezea kwenye upande wa mashine maana bila hiyo mtu hawezi kuona ukubwa wa alichofanya huyu bwana.

Gladiator ilikuwa inakimbia kama kilomita 410 kwa saa hivi, bunduki 4 ndogo za Browning. CR.42 ya Waitaliano nayo ni mabawa juu na chini, ina spidi kidogo zaidi ila bunduki zake 2 ni za milimita 12.7, risasi nzito zaidi. Kwa hiyo hawa wawili walikuwa wanalingana, mshindi anaamuliwa na rubani. Tatizo likaja Ugiriki pale Waitaliano walipoleta Fiat G.50 zenye bawa moja, na baadae Wajerumani na Messerschmitt 109. Ile 109 inakuacha kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hapo kwenye Gladiator huna cha kumfanya, anakuja anapokutaka na kuondoka anapotaka, wewe kilichobaki ni kukata kona kali tu asikupate.

Na bado Pattle anahesabiwa kuangusha karibu ndege 15 akiwa na Gladiator, hakuna rubani mwingine wa Uingereza anayemfikia kwenye ndege ya aina hiyo.

Siri yake ilikuwa shabaha ya kutangulizia. Ndege ikikatiza mbele yako humpigi pale alipo, unapiga pale atakapokuwa risasi zikifika, na hiyo inabidi uikadirie kwa jicho huku wewe mwenyewe unageuka na yeye anageuka. Marubani wengi walikuwa hawawezi, wanasubiri mpaka wawe nyuma kabisa ya mkia wa adui. Pattle alikuwa anaweza kupiga kwa pembe, alafu anasogea karibu sana kabla ya kufyatua. Kumbuka hata Hurricane, ndege mpya zaidi ya Waingereza yenye bawa moja na bunduki 8, ilikuwa na risasi za sekunde kama 15 tu ukikandamiza kitufe mfululizo. Sekunde 15 kwa mpambano mzima! Anayepiga kutoka mbali anamaliza risasi hajagusa kitu, anayejua kusogea anagawa hizo sekunde kwa ndege mbili tatu.

MzeeWaMafaili

Injinia umenena. Sasa Ugiriki.

Italia ilivamia Ugiriki kupitia Albania tarehe 28 Oktoba 1940. Waingereza wakapeleka vikosi vichache vya anga kusaidia, 80 ikiwemo, ikaingia mwezi Novemba. Kiwanja cha mbele kilikuwa Trikala, na tarehe 19 Novemba wakapigana mara ya kwanza juu ya eneo la Koritza mpakani mwa Albania, Pattle akadai CR.42 mbili siku hiyohiyo ya kwanza. Alafu ikaingia baridi ya milimani. Mvua, theluji, viwanja vya nyasi vinageuka tope mpaka ndege hazitoki, mawingu yamekaa juu ya vilele, kuna wiki watu wanaruka siku chache tu. Ndo maana namba zake za kipindi hicho zinakuja kwa mafungu, sio kila siku.

Februari 1941 mambo mawili, kapewa DFC, nishani ya ushujaa ya marubani, na kikosi kikaanza kupokea Hurricane. Tarehe 20 Februari akiwa anasindikiza ndege za mabomu aina ya Blenheim kwenda Berat akaangusha G.50, ya kwanza kwake akiwa na Hurricane. Machi akaongezwa DFC ya pili, akapandishwa cheo kuwa skwadroni lida na kukabidhiwa kikosi kingine kabisa, namba 33. Hao 33 walikuwa wametoka jangwani na rekodi yao nzuri na majivuno yao, wanaletewa bosi mgeni kutoka kikosi jirani. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wazi hajafurahishwa na nidhamu yao, alafu akapanda nao juu mmoja mmoja kwa mpambano wa mazoezi, na baada ya hapo hakuna aliyehoji tena. Mimi hapa ndo namuona Pattle kamili kuliko kwenye hesabu ya ndege. Kuangusha ndege wako wengi walioweza, lakini kuchukua watu usiowajua na ndani ya wiki chache wakawa tayari kukufuata mbele ya Wajerumani ni kitu kingine.

Wajerumani wakaingia tarehe 6 Aprili. Siku hiyohiyo 33 wakakutana na Messerschmitt 109 juu ya pito la Rupel upande wa mpaka wa Bulgaria, Pattle akadai mbili. Kuanzia hapo ni kurudi nyuma tu, Larissa inapigwa, wanahamia Eleusis karibu na Athens, na kila siku ndege zinapungua bila kuletwa nyingine.

Nanga_ya_Kaskazini

Jamani nampenda Pattle kama nyie lakini tuwe wakweli kwenye hizo namba. Nimeona Mzee anaandika "akadai" na nashukuru kwa hilo kwa sababu ndo neno lenyewe. Chukueni mfano tarehe 28 Februari 1941, mpambano mkubwa juu ya Albania, Waingereza walihesabu wameangusha ndege 27 za Italia kwa siku moja. Makaratasi ya Waitaliano wenyewe yanaonyesha hasara ndogo mno kulinganisha na hiyo. Na sio uongo wa makusudi. Marubani watatu wanaweza kuipiga ndege moja kwa dakika tofauti kila mmoja akaiona inatoa moshi, tayari zimekuwa tatu. Ndege ya adui inapiga mbizi kukimbia na injini yake inafoka moshi mweusi, wewe unaona kaanguka kumbe yuko njiani nyumbani. Kila nchi ilikuwa hivyo, Wajerumani, Waitaliano, Warusi, wote.

Kwa hiyo hiyo 50 ni madai, na baada ya kulinganisha na upande wa pili lazima itashuka. Ila kwa haki, hata ya Johnson na ya kila mtu ukiilinganisha inaweza kushuka. Tofauti ni kwamba ya Johnson ina karatasi kamili nyuma yake.

Kipanga77

Nanga asante, hapo kwenye karatasi ndo penyewe nilipokuwa napatafuta. Kwani za Pattle zilienda wapi?

MzeeWaMafaili

Zilipotea kwenye mtafaruku wa kuondoka Ugiriki, nyingi ziliharibiwa. Athens iliingiwa na Wajerumani tarehe 27 Aprili, wiki moja tu baada ya Pattle kufa. Vikosi vya anga vilishakimbilia Argos kule Peloponnese, huko nako ndege zikapigwa zikiwa chini, zilizobaki zikaenda Krete, na Krete nayo ikavamiwa Mei. Daftari za kikosi, ripoti za mapambano, vitu vinavyoandikwa na karani kwenye hema, nani angevibeba wakati hata watu wanagombea nafasi kwenye meli. Kwa hiyo za Gladiator na za mwanzo wa Hurricane zipo kiasi, lakini Aprili 1941, mwezi ambao alikuwa anapigana karibu kila siku na kwa maelezo ya wenzake akiangusha zaidi ya wakati wowote, ndo mwezi usio na karatasi. Watafiti walilazimika kukusanya kutoka kwa marubani na mafundi waliosalimika, shajara za watu binafsi, na kumbukumbu za Wajerumani. Ndo unapata mmoja anasema 40, mwingine 50 na kitu.

Mimi msimamo wangu, hata ukipunguza kwa mkono mzito anabaki kwenye kundi la juu kabisa la marubani wote waliopigania Uingereza, na alifanya hivyo ndani ya miezi 9 tu, Agosti 1940 hadi Aprili 1941, zaidi ya nusu ya muda huo akiwa na ndege iliyopitwa na wakati.

Bi_Mwanahistoria

Naomba nijibu lile la Sailor Malan maana limerukwa.

Malan alikuwa kikosi namba 74, akiongoza Spitfire kwenye mapambano ya anga la Uingereza 1940. Vita ile ilipiganwa juu ya vichwa vya waandishi wa habari wa London, wapiga picha wako viwanjani, serikali inahitaji mashujaa wa kuwaonyesha wananchi, na walishinda. Pattle kapigana Albania na Ugiriki, waandishi wachache, barua zinachelewa, na kampeni yenyewe ikaisha kwa kushindwa na kukimbia. Nchi iliyotoka kushindwa haina hamu ya kupiga tarumbeta kuhusu hapo iliposhindwa. Alafu Malan aliishi. Akarudi Afrika Kusini, na 1951 akawa uso wa Torch Commando, lile vuguvugu la askari wa zamani waliopinga serikali ya Chama cha National ilipotaka kuwaondolea Machotara wa Cape haki ya kura, maandamano ya mienge usiku maelfu kwa maelfu. Jina lake likaendelea kutajwa kwenye siasa mpaka alipofariki 1963. Pattle hakupata hata siku moja ya kueleza alichokiona yeye mwenyewe.

Na kwa wale wanaoulizia jeshi la anga la Afrika Kusini lenyewe, lilikuwa huku kwetu Afrika Mashariki muda huohuo, likiruka kutoka Kenya kuwapiga Waitaliano Ethiopia na Somalia. Jack Frost wa kikosi chao namba 3 ndo aliyeongoza kwa hesabu ndani ya jeshi hilo. Machi 1941 alishambulia kiwanja cha Diredawa kule Ethiopia, ndege yake ikapigwa akatua kwa nguvu hapohapo karibu na adui, mwenzake Bob Kershaw akashusha Hurricane yake pembeni, Frost akakimbia akapanda, na wakaruka hivyo watu wawili kwenye kiti cha mtu mmoja, huku wanapigwa risasi. Frost alipotea Juni 1942 karibu na Bir Hacheim Libya, hakuonekana tena. Sasa huyo naye muulize mtu barabarani kama anamjua.

Kipanga77

Bi Mwanahistoria hiyo ya Diredawa imenisisimua mwili mzima. Swali la mwisho kwa wote, hiyo tarehe 20 Aprili, nasikia Pattle alikuwa mgonjwa na bado akaruka. Mkuu wa kikosi mgonjwa anaachiwaje apande ndege?

Injinia_wa_Anga

Alikuwa na homa kali ya mafua, wenzake wanaeleza alikuwa anatetemeka amejifunika mablanketi kwenye chumba cha kusubiria, king'ora kikilia anaamka anakimbilia ndege. Nani angemzuia, yeye ndo mkuu, na Hurricane zilizobaki Ugiriki nzima siku ile zilikuwa 15, za kikosi 33 na 80 kwa pamoja. Marubani walikuwa wanaruka mara kadhaa kwa siku siku nenda rudi, wamechoka wote, hakuna mzima wa kumbadilisha.

Jioni Wajerumani wakaja na ndege zinazokadiriwa kuwa kama 100, mabomu na wasindikizaji, kuelekea Athens na bandari ya Piraeus. Hurricane 15 zote zikapanda. Hata Roald Dahl, yule aliyekuja kuwa mwandishi wa hadithi za watoto, alikuwemo humo kama rubani mchanga wa 80. Pattle akafika juu akaona Hurricane moja inapanda juu huku Messerschmitt 110, ndege ya Kijerumani yenye injini mbili, iko nyuma yake. Inaaminika alikuwa Timber Woods, huyu ni miongoni mwa wale marubani wachache wa Gladiator walioilinda Malta mwezi Juni 1940. Juu ya Pattle kulikuwa na 110 nyingine zimekaa, na kanuni aliyokuwa anaifundisha yeye mwenyewe ni kwamba usishuke chini ukiwa na adui juu yako. Akashuka. Akampiga aliyekuwa anamfuata Woods, lakini alishachelewa, Woods akaanguka, na zile 110 za juu zikamshukia Pattle mwenyewe. Wenzake waliona Hurricane yake inawaka na kuangukia ghuba ya Eleusis, yeye ameinama mbele kwenye kiti.

Messerschmitt 110 sio ndege ya kuogopwa kwa Hurricane ikiwa mmoja kwa mmoja, ni nzito kwenye kona. Lakini puani ina mizinga miwili ya milimita 20 pamoja na bunduki 4, ikikupata kutoka juu na nyuma sekunde moja inatosha.

Nanga_ya_Kaskazini

Na hapo kwenye homa ndo pananiuma. Kukosea uamuzi wa sekunde ukiwa na joto la mwili la juu ni rahisi sana, sisemi alikosea, nasema hatuwezi kujua angeamua nini akiwa mzima.

MzeeWaMafaili

Nanga mimi naamini angeshuka vilevile. Tarehe 4 Agosti kule Libya aliingia katikati ya kundi kubwa na bunduki zimegoma, alikuwa mzima wa afya. Ndo alivyokuwa.

Kipanga, hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa El Alamein, Misri, pamoja na majina ya wanajeshi wengine wa kampeni zile ambao hawakupatikana. Ukitaka kufuatilia zaidi, anza na historia ya vikosi viwili, 80 na 33, usianze na orodha za namba, maana kwenye orodha utagombana na watu mwaka mzima. Na upande wa Kijerumani tafuta habari za kikosi cha Messerschmitt 110 kilichoitwa ZG 26, ndo waliokuwa juu ya Athens jioni ile.

Kipanga77

Nimeelewa wakuu, naanza na 33. Bi Mwanahistoria, nakuomba ufungue uzi wa Frost na Kershaw peke yao.